Msalaba Wenye Pengo

Ofisini kwangu kuna kiti kimoja cha mgeni, cha plastiki, chekundu, na katika watu wote wanaopanda ghorofa za jengo la Tianxiu, hapa Guangzhou, China, kuja kupima mizigo yao kwangu, Cyrille ndiye pekee ambaye hajawahi kukikalia. Huegemea mlango. Huegemea mzani mpaka nimfokee, maana mzani wangu si ukuta. Huenda dirishani akatazama magari ya mtaa wa Xiaobei kama anayemsubiri mtu, halafu hurudi. Nikimtilia chai hunywa mafunda mawili, iliyobaki ikapoa.

"Wewe Cyrille, huna makalio?" humwuliza.

Hucheka, akazunguka tena.

Mimi ni Bimkubwa, mtu wa Unguja, na kazi yangu ni mizigo. Napokea, napima, nafunga kwa utepe wa gundi mpaka vidole vinaota sugu, nasafirisha Dar na Zanzibar, na kutoka Dar mizigo mingine huendelea Kigoma na kuvuka ziwa kwenda Kongo. Ndiyo njia niliyojuana naye. Cyrille ni Mkongo wa Kalemie. Hununua viatu vya shule na ndala kule soko la Liuhua, karibu na stesheni, na kuvipeleka kwao. Kwa viatu ni mtu makini, hukunja soli, hunusa gundi, huvuta kamba. Lakini viatu ni chakula tu. Roho yake imo ndani ya kopo la biskuti lililomo kabatini mwangu, chini ya risiti.

Ndani ya kopo mna nishani. Si medali za mbio wala za mpira. Ni nishani za heshima za Ulaya ya zamani, zile ambazo mfalme akimpenda mtu alimwingiza katika kundi la watu wake wateule, akamwita shevalye, akamvisha msalaba kifuani. Kila nchi na msalaba wake. Upo wa Denmark, mweupe wenye mpaka mwekundu, mwembamba kama wa kuvaa malaika. Upo wa Austria, mwekundu mtupu. Upo wa Ureno, na mwingine ambao hata Cyrille hajaujua ni wa nani, na hilo humkosesha raha wiki nzima kila akiutazama. Yote ina enameli. Enameli ni unga wa kioo uliochomwa juu ya madini mpaka ukayeyuka, ukawa rangi isiyofutika. Mnaijua. Ndiyo ile ya mabakuli meupe yenye mdomo wa buluu tuliyonywea uji utotoni, ambayo ukiyaangusha yanabanduka kipande na kubaki na doa jeusi maisha yao yote.

Kopo liko kwangu kwa sababu Cyrille hana pa kuliweka. Hakai nyumba moja. Akimaliza kupanga vitu, huanza kusema chumba kina joto, au jirani anakohoa, au dirisha linatazama ukuta, na mwezi unaofuata nasikia yuko mtaa mwingine wa Dengfeng. Basi nikalitia kabatini, na Dullah wa ofisi ya mbele akalipata la kusema.

"Bimkubwa, misalaba yote hiyo! Umebatizwa lini?"

"Siku uliyoacha umbea," nikamwambia.

Lakini mwenyewe nilikuwa na langu moyoni, nikamtolea Cyrille siku moja alipokuwa akipangusa nishani za Wabelgiji kwa kitambaa cha miwani. Nilimwambia, watu hawa waliwafanyia babu zenu mambo yasiyosemeka mbele ya watoto, na wewe mtu mzima unakaa unazifuta vumbi nishani zao? Hata sikusema "unakaa", maana hakai. Unasimama unazifuta.

Hakukasirika. "Mama Bimkubwa, mi sifuti ya Mubeleji," akasema. "Mi natafuta ya babu yangu."

Basi nikajua habari yenyewe, na nitaieleza kama nilivyoipata.

Babu yake alikuwa karani wa bandari ya Kalemie, enzi hizo ikiitwa Albertville. Wabelgiji walimvisha Nishani ya Taji. Ni msalaba wa mikono mitano, mweupe kama maziwa, katikati kuna duara la buluu lenye taji la dhahabu, unaning'inia kwenye utepe wa rangi ya damu ya mzee. Alifanya nini hata akavishwa? Hapo ukoo mzima umegawanyika. Shangazi husema aliokoa watu meli ilipowaka moto. Mjomba husema alimkamata Mzungu mwizi wa forodha. Baba yake Cyrille, Papa Abeli, husema alivishwa kwa sababu alifanya kazi miaka mingi bila kuiba, na hilo lilikuwa ajabu machoni mwao kwa kuwa wao wenyewe waliiba kila siku. Mimi nampenda mzee huyu kwa neno hilo moja.

Papa Abeli alipokuwa mtoto wa miaka saba aliuiba msalaba sandukuni, akaubandika kwenye shati lake, akajifanya Gavana anakagua jeshi. Jeshi lilikuwa mbuzi wa jirani. Beberu mmoja hakupendezwa na ukaguzi, akampiga kichwa, Gavana akaanguka kwenye ngazi za saruji. Mkono wa chini wa msalaba, upande wa kushoto, ukabanduka kipande cha enameli pembeni kabisa. Alichapwa. Halafu baba yake akampa adhabu ya kudumu: kila Jumamosi, mpaka akawa kijana wa kuoa, aliusugua msalaba kwa kitambaa ili mzee auvae kanisani Jumapili. Kidole gumba chake kikalijua lile pengo kama ulimi unavyolijua pengo la jino.

Vita vilipofika kwao karani alikuwa ameshakufa, na msalaba ulikuwa mfukoni mwa Papa Abeli. Watu walikuwa wanavuka ziwa kwenda Kigoma kwa maboti. Mwenye boti akasema nafasi zimekwisha. Papa Abeli akautoa msalaba. Cyrille alikuwa mdogo, lakini jambo moja analikumbuka, yule mwenye boti akiung'ata msalaba kujaribu kama ni fedha kweli. Kisha nafasi zikapatikana mbili, ya mama na ya Cyrille. Baba akabaki ufukweni, akaja kuwafuata baada ya miezi mingi, amekonda, na msalaba hakuutaja tena.

"Mi nilikalia musalaba wa babu, Mama," Cyrille aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambacho "ndio" yetu huwa "njo". "Ile nafasi ya boti, njo musalaba wenyewe. Nitakaa namna gani?"

Nilimwambia anywe chai.

Kwa hiyo hakuna siri katika kukusanya kwake. Zile za Denmark na Austria ni njaa ya macho tu, alizipata akiwa njiani kutafuta ile moja. Wauzaji wa vitu vya kale wa hapa hununua masanduku ya takataka za Ulaya kwenye minada ya mtandaoni, humo mna vijiko, vifungo, saa mbovu na nishani, na Cyrille hufukua humo. Nilimwambia wazi kwamba msalaba ulioingia mfukoni mwa mwenye boti wa ziwani hauna sababu ya kutokea Guangzhou. Akanijibu kwamba yeye mwenyewe aliingia botini pale pale, na ametokea Guangzhou.

Misalaba ya Taji ilishampitia mitatu, na yote ilikuwa na pengo mahali fulani kwa sababu enameli nyeupe ya pembeni ndiyo inayokufa kwanza. Picha haisaidii. Papa Abeli amerudi kwao Kalemie, anakaa na binti yake Gracia, na macho yake yameharibika kwa presha ya macho, anaona mwanga na kivuli basi. Shahidi aliyebaki ni kile kidole. Kila Cyrille akipata msalaba, humpa mama mmoja wa Lubumbashi anayekuja kununua vitenge, auchukue kwa mkono, na kutoka huko ufike Kalemie. Mzee huushika, hupitisha kidole, husema, "Haiko huu." Msalaba hurudi Guangzhou na kuingia koponi. Mara tatu. Na kila mara Cyrille, kati ya siku ya kutuma na siku ya jibu, hafai kwa lolote. Safari moja alinipa katoni za ndala za miguu ya kushoto mitupu.

Sasa sikilizeni lililotokea mwaka huu.

Bosi Liang, mwenye kibanda katika soko la vitu vya kale kule Liwan, alimtumia Cyrille picha kwa WeChat. Cyrille akaingia ofisini kwangu bila hodi, simu mbele kama tochi.

"Regarde, tazama, Mama! Mukono wa chini. Kushoto. Pembeni!"

Nikavaa miwani. Kweli, mkono wa chini, kushoto, pembeni. Na pengo lenyewe halikuwa na kingo kali kama mapengo mengine. Lilikuwa laini, limelika, kama kitu kilichosuguliwa miaka na miaka. Mimi si mtu wa kusisimka kwa misalaba, lakini nywele zilinisimama. Nikafunga ofisi, nikamwambia twende.

Na hapa lazima niwaeleze tunavyonunua, maana bila hilo mtamwona Cyrille mjinga, na si mjinga. Huku, ukipenda kitu, usikipende. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Liuhua na ya kila soko la mji huu. Ukikionyesha kitu jicho la mahaba, bosi anapanda bei papo hapo. Kwa hiyo unakitazama kama mzoga. Unatafuta kasoro yake, unaishika hiyo hiyo, unaipigia kelele. Mwenzio anakuvuta mkono, twende zetu, huku hakuna kitu. Mnaondoka kweli. Bosi anaita, au hamwendi mbali simu inalia. Tumefanya hivi miaka yote. Tunafanya hata tukinunua nyanya.

Tulifika kwa Liang. Msalaba ulikuwa juu ya gazeti, kati ya vijiko. Cyrille aliushika kwa vidole viwili kama anayeshika panya kwa mkia. Nilikuwa namtazama shingoni, mshipa unapiga. Usoni, hakuna kitu. Akapitisha kidole kwenye lile pengo mara moja, haraka, akaurusha gazetini.

"Huai le," akasema. Umeharibika.

"Wa zamani, rafiki yangu," Liang akasema. "Wa kweli."

"Umeharibika! Tazama hapa. Shimo. Nani atanunua kitu kina shimo? Laoban, bosi, mimi si mtoto. Bu yao!"

Sitaki. Alisema sitaki, na kwa sauti. Nami nikacheza zamu yangu, nikamvuta mkono, nikasema kwa Kichina changu cha mizigo kwamba duka la pili wanao mzima kwa nusu ya bei yake. Liang akaushika msalaba, akalitazama pengo kwa makini kama daktari wa meno. Tukatoka. Cyrille hakugeuka nyuma, na sijui alijizuiaje.

Kabla hatujafika stesheni ya metro simu ikalia. Liang amekubali bei yetu. Njoo Jumamosi, akasema, leo natoka. Cyrille aliruka pale barabarani, mtu mzima, mabibi wa Kichina wenye mikokoteni ya mboga wakamkwepa. Nilimpongeza. Wallahi nilimpongeza, kwa sababu ilikuwa kazi safi.

Siku zile za kungoja sitaki hata kuzikumbuka. Alinijia asubuhi, akanijia mchana, akapanga upya katoni zangu ambazo sikumwomba azipange. Alimpigia baba yake akamwambia safari hii njo yenyewe, Papa, niliigusa. Mzee akacheka kwa kikohozi. Gracia, mdogo wake, ambaye humwita kaka yake "yaya", akasema, "Yaya Cyrille, usimupe mzee joto la bure." Lakini alishampa.

Jumamosi tulikwenda. Liang alikuwa ametungoja mlangoni, uso umemng'aa, na mkononi ana kisanduku kilichotandikwa kitambaa cha buluu. Akakifungua mbele yetu kwa mikono miwili.

Msalaba ulikuwa mzima.

Mikono yote mitano, nyeupe, safi kama siku uliyotoka kwa sonara. Nilitafuta lile pengo kwa macho, nikalitafuta tena, sikuliona. Liang akaanza kueleza kwa furaha. Mteja wake alilalamika kuna shimo, na yeye hapendi mteja aondoke na kinyongo. Shangazi yake amefanya kazi ya enameli tangu msichana, kazi ile ya Kanton, jina la kale la mji huu, ya vyombo vya wafalme. Liang amemkalia siku mbili kumbembeleza mpaka akakubali. Shangazi ameusafisha, amejaza, amesugua. "Na bei haipandi," akasema Liang. "Ni ile ile. Sisi marafiki."

Cyrille aliuchukua. Kidole gumba chake kikaenda mkono wa chini, kushoto, pembeni. Kikarudi. Kikaenda tena. Sijapata kuona uso wa mtu ukiondokewa hivyo. Akauliza kwa sauti ndogo, kipande cha zamani kilikuwaje, kingo zake, shangazi anakumbuka? Liang akampigia shangazi pale pale. Shangazi akasema alizisaga kingo zote ili rangi mpya ishike, ndivyo kazi inavyokwenda, na kama mteja ana kingine kibovu alete.

Nilitaka kumkasirikia Liang. Nilimtafutia neno baya mdomoni, nikalikosa. Sisi tukikataa kiatu kwa ajili ya soli, mwenye kiwanda akibadili soli bure si tunamsifu? Tulililia pengo, akaliziba. Mfanyabiashara mzuri hufanya hivyo. Cyrille akalipa, akasema xiexie, asante, na akainama kidogo, kwa sababu alilelewa vizuri. Njiani alikuwa anatembea mbele yangu haraka sana, nikamwacha aende.

Jumatatu akaja na nyundo.

Nyundo ndogo, ya fundi viatu. Akaweka msalaba juu ya meza yangu, juu ya kitambaa, akaniomba nimshikie tochi.

"Unafanya nini?"

"Narudisha pale ilikuwa. Picha ninayo. Nitapiga kidogo tu, kisha nasugua na msasa, Papa hatajua."

Hapo ndipo nilipopandisha sauti mpaka Dullah akafungua mlango wake kusikiliza. Nilimwambia, wewe mtoto wa watu, baba yako amebakiwa na kidole kimoja cha kuonea, na hicho ndicho unataka kukidanganya? Ukitaka kusema uongo, sema kwa mdomo wako, aibu iwe yako mwenyewe. Usimtengenezee uongo mzee wa watu kwa nyundo! Na kama si huo? Ukiupiga ukafanana, akasema ndiyo wenyewe, utajua nini wewe? Utakuwa umejiuliza swali na kujijibu mwenyewe.

Alisimama pale, nyundo mkononi, machozi yanamtoka bila sauti. Nilimhurumia, lakini nyundo nilimnyang'anya. Iko kabatini kwangu mpaka leo, natumia kupigilia misumari ya makreti.

"Basi nimwambie nini?" akauliza.

"Mpelekee kama ulivyo. Mwambie yaliyotokea."

Kumpelekea alimpelekea. Yule mama wa Lubumbashi aliuchukua, umefungwa kwenye soksi mpya ndani ya kiatu. Kumwambia hakumwambia. Kila alipopiga simu alizungumza mvua na bei ya mafuta ya mawese.

Msalaba ulipofika Kalemie, Gracia akapiga simu ya video, na Cyrille akaipokea ofisini kwangu. Alitaka niwepo. Akaisimamisha simu juu ya mzani, yeye akasimama mbele yake, mimi nyuma ya meza najifanya nafunga katoni. Tukamwona Papa Abeli barazani, shati jeupe, fimbo katikati ya magoti. Gracia akamwekea msalaba kiganjani.

Mzee hakuharakisha. Alihesabu mikono kwa kugusa. Akatafuta taji katikati, akalipata. Halafu kidole gumba kikashuka chini, kushoto, pembeni.

Kikasimama.

Kikarudi, kikaenda, kikarudi. Nilijikuta nimeacha kufunga katoni.

"Kidonda kiko wapi?" mzee akauliza.

Cyrille akamwambia yote, kwa Kiswahili na Kifaransa vikikanyagana, picha, pengo, jinsi alivyousema vibaya ili aupate, shangazi wa Liang, mpaka nyundo akaitaja. "Nisamehe, Papa. Ilikuwa na alama, na mi njo niliifutisha. Kwa kinywa yangu mwenyewe."

Kidole cha mzee kilikuwa bado kinakwenda na kurudi pale pale.

"Iko muzima?" akauliza.

"Muzima, Papa."

"Yote?"

"Yote."

Basi Papa Abeli akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamshuka kwenye yale macho yasiyoona. Akasema tangu siku ya beberu hajawahi kuushika mzima. Kila Jumamosi alikuwa anasugua akifikiri labda leo nitasugua mpaka pengo liishe. Baba yake alikufa akiwa ameuvaa na pengo, wakauvua na pengo kabla ya kumzika. "Nilikuwa na miaka saba," akasema, kama vile sisi ndio tuliomchapa. "Gracia, nivalishe."

Gracia akaweka simu mahali, picha ikapinda, tukaona mikono yake ikihangaika na pini kwenye shati jeupe. Mzee akajinyoosha mgongo.

Cyrille akasogea karibu na simu mpaka pua inagusa kioo. "Lakini Papa, njo yenyewe? Ya babu? Ya boti?"

"Cyrille."

"Ndiyo, Papa."

"Ile siku nilitoa musalaba, nikapata wewe. Mi sikuitafuta tena, hata siku moja. Ni wewe njo unatafuta." Akapapasa kifua chake, akaukuta, akaufunika kwa kiganja. "Sasa umeniletea muzima. Kaa chini, mwana wangu. Unazunguka sana, nasikia viatu vyako hapa."

Wakaagana. Gracia akasema mzee amekataa kuuvua, anataka kwenda nao kwa jirani. Simu ikazimika.

Cyrille alivuta kile kiti chekundu, akakaa.

Nikachemsha maji. Nikatia chai, iliki, sukari mbili anavyopenda, nikaweka mbele yake. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa funda, akanywa la pili, akanywa la tatu. Magoti yake yalikuwa yametulia. Nilijisemea moyoni, Alhamdulillahi, huyu sasa ameshuka kwenye ile boti.

Akaweka kikombe chini taratibu.

"Mama Bimkubwa," akasema. "Umesikia lakini?"

"Nimesikia nini?"

"Hakujibu."

"Cyrille, mwanangu—"

"Nilimuuliza kama njo yenyewe. Hakujibu."

Alikuwa ameshasimama. Alichukua simu yake juu ya mzani, akaangalia saa, akauliza kama metro ya kwenda Liwan bado haijajaa watu wa jioni. Nikamwambia sijui. Akatoka, na viatu vyake nikavisikia kwenye korido mpaka kwenye lifti. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.